Kejeli au Kinaya, Mapinduzi au Mageuzi: Kuchagua Istilahi Kabla ya Kuiandika

Darasa letu la jioni liko Ukonga, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, madawati kumi na mawili na ubao uliopasuka pembeni. Wanaokuja ni wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na watahiniwa wa kujitegemea wanaotoka kazini moja kwa moja, sare zikiwa bado mwilini. Siku moja binti wa kidato cha sita alisimama akatusomea jibu lake la swali la tamthilia. Sentensi yake ya tatu ilikuwa hii: "Mwandishi ametumia kejeli, kinaya, dhihaka na tashtiti kuonyesha uovu wa viongozi." Kisha akatoa mfano mmoja.

Nikamwuliza, "Mfano mmoja, majina manne. Lake ni lipi?"

"Mwalimu, nimeyaweka yote ili la kweli lisikosekane humo."

Nilimshukuru kwa kusema kweli, maana wengi hufanya vivyo hivyo na hawakiri. Hofu yake naielewa. Vitini vinavyouzwa kwenye maduka ya fotokopi vimeorodhesha istilahi mfululizo: jina, nukta mbili, maana ya mstari mmoja, mfano uleule wa miaka yote. Ukivisoma usiku wa kuamkia mtihani, kejeli na kinaya huonekana pacha. Lakini msahihishaji akikuta majina manne yamebandikwa kwenye mfano mmoja, anajua papo hapo kwamba mtahiniwa hajachagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe ya uhakiki.

Hapa nimeyaweka ubavu kwa ubavu maneno yanayochanganywa sana, ya fasihi, ya vichekesho na ya siasa. Mengi nimeyapa swali lake. Lipeleke swali hilo kwenye kifungu unachokisoma. Likijibika, neno ni lako. Lisipojibika, liache hata kama kitini kinalo.

Kejeli, dhihaka, kinaya

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya daladala la Gongo la Mboto. Abiria wa siti ya nyuma ananyoosha noti ya elfu kumi, na chenji saa hizo hakuna. Konda anaipokea, anaigeuza upande huu na huu, anasema gari zima lisikie: "Shikamoo tajiri! Unalipa nauli au unanunua gari?" Watu wanacheka.

Hiyo ni kejeli. Huyo aliyeitwa tajiri angekuwa nazo asingebanana na sisi humo alfajiri yote hiyo, na hata shikamoo aliyopewa imegeuzwa. Konda anajua amesema kinyume, abiria anajua, sisi tuliosimama mlangoni tunajua. Kejeli inataka wote wajue, la sivyo haifiki. Na ina mwiba, kuna mtu imemlenga.

Sasa badilisha maneno. Konda huyohuyo aseme: "Wewe na hivyo viatu, elfu kumi umeiokota wapi?" Hapo hakuna kinyume chochote. Viatu vimechoka kweli, naye anavitaja kama vilivyo ili mwenye viatu ajione mdogo mbele za watu. Hiyo ni dhihaka.

Kinaya kinaweza kutokea bila mtu yeyote kusema neno la kugeuza. Tangu Ukonga konda amekuwa akipiga kelele, "Jamani angalieni mifuko yenu, humu kuna vibaka!" Tunafika Tazara, anaingiza mkono mfukoni ahesabu hesabu ya tajiri wake, fedha hazipo. Aliyekuwa akitulinda ndiye aliyeibiwa. Hakuna aliyepanga, mambo yenyewe yamegeuka.

Basi maswali ni haya. Kejeli: je, anayesema anajua kwamba amesema kinyume, na yupo anayechomwa? Dhihaka: je, mtu anashushwa waziwazi, bila maana kugeuzwa? Kinaya: je, kuna pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na nani halioni pengo hilo? Kipo pia kinaya cha usemi, ambacho kinakaribiana sana na kejeli kwa sababu nacho kinasema kinyume. Mimi huwaambia wanafunzi waite kejeli pale tu penye mwiba. Mtu akitazama mvua ya masika inayofurika Jangwani akasema "Leo hali ya hewa nzuri kweli," hajamchoma yeyote. Hicho ni kinaya cha usemi.

Jukwaani kinaya hubeba mambo mazito kuliko haya ya konda. Katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, maji yanayoaminiwa kuwa kinga dhidi ya risasi za Wajerumani ndiyo yanayowaunganisha watu, na imani hiyohiyo ndiyo inayowapeleka mbele ya bunduki. Kinjeketile, aliyelileta neno la maji hayo, anaanza kulitilia shaka wakati wafuasi wake wamekwisha kulishika kwa nguvu kuliko yeye mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yale yalikuwa uongo, kwa sababu anaona mbali: kauli hiyo ingetumiwa kuwaambia wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana. Mtazamaji aliyeketi ukumbini anajua Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliishaje, wahusika hawajui. Pengo hilo ndilo linaloumiza. Ukiandika "kejeli" hapo umekiua kifungu, maana hakuna anayemchoma mtu kwa maneno.

Jambo dogo kabla ya kuendelea. Wazee wa pwani wanaweza kukwambia mtu fulani ana kinaya, wakimaanisha anajisikia, ametosheka na nafsi yake. Maana hiyo ni ya zamani na ni nzuri kuijua, ila usiiingize kwenye karatasi ya uhakiki.

Binti yule alirudi wiki iliyofuata na sentensi iliyopungua nusu: neno moja, ukurasa, na sababu. Neno alilochagua lilikuwa dhihaka, na baada ya kulipitisha kwenye maswali yale hatukupata pa kumpinga.

Tashtiti yenye nyumba mbili

Neno hili limewaangusha wengi, na mara nyingi kosa halikuwa lao. Kwenye vitabu na vitini vingi vya sekondari hapa Tanzania, tashtiti ni swali linaloulizwa na mtu ambaye jibu analijua. Mama anafungua mlango saa nne asubuhi, anamkuta mwanawe kajifunika shuka gubigubi, anauliza: "Yaani mpaka sasa umelala?" Anaona kwamba amelala. Hiyo ndiyo tashtiti ya darasani kwetu.

Wahakiki wengi wengine, hasa wa Kenya, wakiandika tashtiti wanamaanisha sanaa ya kuikosoa jamii kwa kuichekesha: kazi nzima, au sehemu yake kubwa, inayowasimamisha wakubwa, wanafiki na walafi mbele ya kioo kinachoonyesha matumbo yao. Mwanafunzi anayesoma makala ya Nairobi leo na kitini cha Kariakoo kesho hujiona mjinga, kumbe anasoma desturi mbili.

Ushauri wangu ni huu. Kama unajiandaa kwa mtihani wa sekondari hapa nchini, fuata kitabu cha kiada unachofundishiwa. Kama uko chuoni, au unasoma makala za wahakiki, itumie kwa maana ya kukosoa kwa kicheko, lakini sentensi yako ya kwanza iseme wazi kwamba ndivyo unavyoitumia. Lile swali la mama liite swali la balagha, na hapo hakuna atakayekuelewa vibaya. Halafu usichanganye balagha na mubalagha kwa kuwa zinafanana sauti. Balagha ni ufundi wa kusema kwa namna ya kumshika msikilizaji. Mubalagha ni kutia chumvi, ambako wengine hukuita chuku.

Sitiari na istiara nazo zina mgogoro wa namna hiyohiyo, kwani wapo wanaozitumia kwa maana moja. Mimi nazitenganisha kwa sababu utenganisho unasaidia kufikiri. Sitiari ni ya papo hapo: "fulani ni simba," imekwisha. Istiara ni hadithi nzima inayotembea kwa miguu miwili, mmoja kwenye kisa unachokisoma na mwingine kwenye ulimwengu unaoujua. *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967 kutoka kwa George Orwell, ni istiara kwa sababu nguruwe, farasi na kondoo wa shamba lile wanafuata nyayo za Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na yaliyoyafuata. Ni tashtiti pia, ile ya maana ya pili, kwa sababu tunawacheka nguruwe ili tuwaone vizuri walivyo. Istilahi mbili kwenye kazi moja zinaruhusiwa, mradi kila moja ipewe ushahidi wake.

Sasa mchukue Shaaban Robert na *Kusadikika* yake ya 1951. Nchi inayoelea angani, baraza la kuhukumu, waziri aitwaye Majivuno, na kijana Karama anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Kitabu kilitoka tukiwa chini ya Uingereza, na msomaji hakuhitaji kuambiwa kwamba nchi ya angani inaweza kuwa ya ardhini. Istiara, bila shaka yoyote. Tashtiti? Hapo mimi nasita. Majina kama Majivuno yana kicheko ndani yake, lakini simulizi za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa, wakafungwa kwa sababu ya maarifa hayo, hazinichekeshi hata kidogo. Zinaniuma. Mwanafunzi akiiita tashtiti nitampa alama akinionyesha kicheko kilipo. Asiponionyesha, aandike istiara tu.

Ramsa, kichekesho, utani

Ramsa na futuhi hutumika kwa maana moja, mchezo wa kuigiza wa kufurahisha, na wengine husema komedi. Chagua moja uende nayo hadi mwisho wa insha. Mimi hutumia ramsa kwa sababu inakaa vizuri kando ya tanzia, yaani mchezo unaoishia kwenye huzuni na maangamizi.

Wengi hupima ramsa kwa wingi wa vicheko, na kipimo hicho hudanganya. Tanzia inaweza kuwa na mlevi anayechekesha onyesho zima, na ramsa inaweza kwenda kurasa ishirini bila mtu kutabasamu. Kipimo bora ni mwelekeo: mambo yanaanza na fundo, yanaelekea kufunguka, na kosa la mhusika halimwangamizi. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha kusema kwamba cha kuchekesha ni kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi. Swali la ramsa basi ni hili: je, mwishoni watu wanaweza kukaa tena mezani pamoja?

Kichekesho ni kifupi, na nguvu yake mara nyingi iko mwilini, sautini na kwenye mavazi ya mchezaji kuliko kwenye maandishi. Marehemu King Majuto, Amri Athumani, aliyetutoka Agosti 2018, hakuhitaji mgogoro wala kilele. Uso wake pekee ulikuwa mchezo. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya utamaduni hapa Dar es Salaam viliweka vichekesho katikati ya ngoma, sarakasi na maigizo, onyesho moja la jioni nzima. Ndiyo maana kukiita kichekesho "ramsa fupi" ni kukivika kanzu ya mtu mwingine. Kichambue kwa vitu vyake, yaani mwili, muda, na namna mchezaji anavyojibizana na watazamaji.

Mipasho ya taarabu nayo ingestahili makala yake. Nitasema moja tu: kwenye mipasho jina halitajwi, lakini mwenyewe anajijua, na walioko ukumbini wanajua kwamba anajijua. Aliyeinuka kwenda kumtuza mwimbaji huku akimtazama jirani yake ameshamaliza uhakiki wote. Jina likitajwa, imekuwa dhihaka.

Utani uko mbali na hayo yote, kwa sababu una kibali. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Msibani mtani anaweza kuiga mwendo wa marehemu, akadai alipwe deni lisilokuwepo, na wafiwa wakacheka huku wakijifuta machozi bila mtu kukasirika. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa maana hiyohiyo: maneno makali yanaruhusiwa kwa sababu uhusiano upo. Mhusika akimtolea mwenzake maneno mazito kwenye tamthilia, kabla hujaandika "dhihaka" angalia kwanza hao ni nani kwa nani. Babu na mjukuu? Shemeji? Watu wa makabila yenye utani? Mwanafunzi aliyekulia Dar es Salaam ana faida kubwa hapa, kwa kuwa mambo haya ameyaona kwa macho yake msibani na kwenye vibaraza. Ayatumie.

Na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba tuiweke wapi? Ofisa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anaangukia penzi la Mazoea, kazi inaharibika na karatasi za sensa zinateketea. Njia nzima tunacheka. Mwishoni taifa limepoteza hesabu yake, na familia imevurugika. Mimi huandika tanzia-ramsa, na namtaka mwanafunzi anionyeshe vyote viwili, kicheko kilipo na hasara ilipo. Anayeandika ramsa tu kwa sababu darasa lilicheka hajafika mwisho wa kitabu.

Kitabu kimoja, mabishano ya wiki mbili

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, akiipa jina *Mabepari wa Venisi*. Natamani kila mwanafunzi wa fasihi aanze na jina hilo, kwa sababu fasihi, ramsa na siasa zote zimekutana kwenye maneno matatu.

Jina la Shakespeare linamtaja mfanyabiashara, na ni mmoja. Mwalimu angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri. Aliandika mabepari, na akawafanya wengi. Bepari ni neno lililotufikia kutoka India, na kwa asili maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu, kwa hiyo kwa mtazamo wa asili ya neno tafsiri ni sahihi kabisa. Lakini kufikia 1969 neno lilikuwa limebeba mzigo mwingine. Redioni na mikutanoni bepari alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wengine, ndugu yake kupe. Nionavyo mimi, jina hilo linawatia Antonio na Shylock kapu moja kabla pazia halijafunguliwa: mmoja anapeleka merikebu baharini, mwingine anakopesha kwa riba, na wote wawili fedha ndiyo inayowazalia fedha. Msomaji wa Kiingereza anaingia ukumbini akimtafuta mtu mmoja mwema na mmoja mbaya. Msomaji wa Kiswahili anaingia akiwa na shaka na wote wawili.

Na je, ni ramsa? Kwa mwelekeo, ndiyo. Wapenzi wameoana, habari zimekuja kwamba merikebu za Antonio zimefika salama, na ile ratili ya nyama haikukatwa. Lakini Shylock ametoka mahakamani amepokonywa mali, na kuambiwa aiache dini yake awe Mkristo. Yeye hakai mezani na yeyote. Kijana mmoja darasani, anafanya kazi ya ulinzi mchana, alisimama akasema: "Mwalimu, kwangu hii ni ramsa ya watu watano na tanzia ya mtu mmoja." Nimeipenda sentensi hiyo kuliko nyingi nilizosoma vitabuni, kwa kuwa imechagua istilahi na imesema ni kwa macho ya nani. Wenzake walimpinga kwamba utanzu ni wa kazi nzima, haugawanywi kwa mhusika. Nao wana hoja. Nilichowaomba wote ni waandike "ramsa" kwenye sentensi ya utanzu, kisha waieleze hali ya Shylock kwenye sentensi yake yenyewe.

Bepari, bwanyenye, kabaila, beberu

Hapa ndipo insha nyingi za maudhui huharibika, kwa sababu maneno haya manne hutupwa kama mawe kwa mhusika yeyote mwenye fedha au ubaya. Jiulize anachokimiliki na namna anavyokipata. Bepari anamiliki mtaji, yaani kiwanda, duka, mabasi, mashamba ya biashara, na faida inamjia kupitia kazi ya walioajiriwa. Kabaila anamiliki ardhi au cheo cha kurithi, na wanaoishi juu ya ardhi hiyo humpa sehemu ya mavuno, kodi au utumishi. Bwanyenye ni wa tabaka la wenye nazo, anaishi kwa raha mjini. Tunapomtaja tunatazama maisha yake akiwa kando ya kabwela. Beberu ni dola au nguvu ya nje inayozitawala nchi nyingine, kwa bunduki au kwa uchumi. Kumwita mwenye nyumba wa Manzese beberu kwa sababu amepandisha kodi ni hasira, na hasira hiyo naielewa, lakini kwenye insha ni kosa.

Ujamaa, usoshalisti na ukomunisti huchanganywa na watu wazima pia. Ukomunisti, kwa Marx, ni jamii isiyo na matabaka, ambamo mali ya uzalishaji ni ya wote, na njia ya kuifikia ni mapambano ya kitabaka. Usoshalisti ni neno pana zaidi, likiwa na madhehebu mengi yanayokubaliana kwamba njia kuu za uchumi ziwe za umma. Ujamaa ni wa hapa. Mwalimu Nyerere aliueleza mwaka 1962 akianzia kwenye jamaa, ukoo unaoshirikiana, na akaupambanua na vyote viwili, ubepari unaojengwa kwa unyonyaji na usoshalisti unaojengwa juu ya mapambano yasiyoepukika kati ya mtu na mtu. Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 likaufanya njia rasmi ya nchi, pamoja na kujitegemea. Kwa hiyo ukihakiki *Gamba la Nyoka* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1979, kinachokosolewa ni ujamaa na namna watu walivyohamishiwa vijijini. Ukiandika ukomunisti umemwondoa mwandishi nyumbani kwake.

Serikali na dola: serikali inaweza kubadilika baada ya uchaguzi, dola inabaki. Ndiyo maana tunasema vyombo vya dola.

Mapinduzi na mageuzi, na ule msimamo

Nina huzuni na sentensi moja. "Mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi." Nimeikuta kwenye insha za riwaya, za tamthilia, za mashairi ya mapenzi. Imekuwa salamu ya kufungia jibu.

Mapinduzi huung'oa mfumo na kuweka mwingine. Mageuzi huubadili mfumo kwa kuupitia humohumo ndani. Sisi Watanzania tuna mifano miwili isiyochanganyika: Zanzibar, 12 Januari 1964, yalikuwa mapinduzi, kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, kwa tume, kwa kubadili sheria, hadi uchaguzi wa 1995, kulikuwa mageuzi, na watu wa wakati ule walilitumia neno hilo hilo. Mrudie Karama wa Kusadikika. Hakushika mkuki wala hakumwondoa mfalme. Alisimama mbele ya baraza lilelile lililokuwa likimshtaki, akalieleza historia yake, likamwachia huru. Huo ni msimamo wa kimageuzi, na kuuita hivyo hakumpunguzii Shaaban Robert chochote. Kinamwonyesha alivyokuwa, mtu aliyeamini kwamba neno likisemwa vizuri linaweza kumgeuza hata hakimu mbaya.

Msimamo, mtazamo na falsafa hukaa kwenye swali moja la mtihani na kumezana. Mimi huvitenganisha hivi: mtazamo ni namna mwandishi anavyoliona tatizo na anakodhani limetokea, msimamo ni upande anaosimama tatizo hilo likijadiliwa, falsafa ni imani yake pana kuhusu maisha, inayoonekana kazi baada ya kazi. Kwa hiyo falsafa huwezi kuitaja kwa uhakika ukiwa umesoma kitabu chake kimoja. Itikadi ni ya kundi, chama au tabaka, na mwandishi anaweza kuishi ndani yake huku msimamo wake ukiipinga.

Ununue kipi kwanza?

Fedha za mwanafunzi ni chache, basi nitasema wazi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza 1981 na kuboreshwa tangu hapo, itakupa maana ya kawaida ya neno na ngeli yake. Kila mtu aanze nayo. Istilahi zimo, ila kwa ufupi, na haitakuambia wahakiki wanabishana wapi. *Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia* ya K. W. Wamitila, ya 2003, ndiyo inayoeleza nadharia kwa upana. Kwa kidato cha sita na chuo ningeitafuta hata kwa kuchangiana watu watatu, mkikumbuka tu kwamba desturi yake haitakubaliana kila mahali na kitabu chako cha kiada. Madesa ya chuo na vitini vya fotokopi vinafaa kukumbushia kile ulichokwisha kukielewa. Kujifunzia sivyo, kwa sababu kosa moja la mwaka fulani hunakiliwa hadi leo.

Cha nne hakiuzwi. Chukua daftari la kurasa arobaini, kila ukurasa neno moja: juu andika swali la neno hilo, katikati mfano kutoka kitabuni na namba ya ukurasa, chini mfano ulioushuhudia mwenyewe mtaani. Binti yule ana lake sasa, limefungwa kwa jaladio la gazeti. Ukurasa wake wa kinaya una Kinjeketile katikati, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, konda wa Gongo la Mboto anayetafuta fedha zake Tazara.